Besi Iliyochelewa Kufika Ilembula

Betri zilipochoka, baba mdogo alizitoa kwenye redio akazianika juani, juu ya jiwe, kama watu wanavyoanika mahindi. Jioni alizirudisha moja moja, akageuza kitufe taratibu, na Dar es Salaam ikatufikia: sauti nyembamba yenye mikwaruzo. Watoto tulikuwa tumeshakaa zamani. Katika kijiji cha Ilembula cha utoto wangu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatukuwa na uwezo wa kuchagua wimbo. Tuliusubiri.

Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na kanda ikabaki maktaba ya redio. Wimbo ukipigwa leo, hujui utarudi lini. Kwa hiyo tulisikiliza kama mtoto aliyepewa ujumbe wa mdomo aupeleke kijiji cha pili: neno likidondoka njiani, limepotea.

Kwa kusikiliza hivyo tukazijua bendi kabla mtangazaji hajazitaja. Kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake: Sikinde ni Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978. Msondo ni Juwata, iliyozaliwa 1964 kwa jina la NUTA. Pambamoto ni Vijana Jazz. Hatukujua tulichokuwa tukijifunza ni ufundi.

Chukua kibao chochote kizuri cha Mlimani Park. Kinaanza polepole, mwimbaji anasimulia masaibu yake. Gita la rithimu linashika njia, halitoki. Solo linasema, solo la pili linangoja mwenzake amalize ndipo lijibu, wala halipandishi sauti. Tarumbeta na saksafoni zinaingia pale tu zilipoachiwa nafasi. Kisha ngoma inachemka, na hata hapo hakuna anayemkanyaga mwenzake. Michael Enoch alikuwa mpiga solo hodari wa Dar es Salaam Jazz. Alipokuwa Mlimani Park, akashika saksafoni na kuzipanga nyimbo. Mtu aliyekwisha kung'ara mbele ndiye anayejua thamani ya kumwachia mwingine nafasi.

Jambo moja lilitutatiza. Baba mdogo, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Morogoro na kucheza dansi huko, alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino mahali ambapo sisi hatukusikia kitu. Tuliamini mzee kapitwa na mapigo. Kwa heshima, tulinyamaza.

Miaka mingi baadaye, nikisubiri gari Makambako, kibanda kimoja cha nyimbo kilifungulia kimoja cha vibao vile vya utotoni kwenye spika kubwa. Nikasikia gita la besi kwa mara ya kwanza. Lilikuwa zito, la mviringo, likitembea chini ya magita mengine kama maji ya mfereji chini ya majani. Redio yetu ndogo haikuwa na kifua cha kulitoa.

Husemwa kwamba tunapenda nyimbo za zamani kwa sababu tulikuwa watoto. Utoto una sehemu yake, sikatai. Lakini tulipewa wimbo uliokatwa msingi, kwa betri za kuanika, na bado ulisimama wima. Utoto pekee hauwezi kusimamisha nyumba isiyo na msingi. Mafundi wanaweza.

Pale stendi nikakumbuka kisigino cha baba mdogo. Kila mahali alipogonga, ndipo besi ilipopita.