Kifurushi Kinapogoma

Kuna vitabu ambavyo watu huvifungua pale tu mambo yanapoharibika. Mwongozo wa Sera wa Debian ni kimojawapo. Debian ni mradi wa programu huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hadi leo huendeshwa na watu wa kujitolea. Wafungashaji wake huchukua programu iliyoandikwa na mwingine na kuifunga katika kifurushi, ili mtu aliye mbali aiingize katika kompyuta yake kwa amri moja. Sera ndiyo sheria ya kazi hiyo. Nimeisoma mara nyingi kwa shida. Hapa nataka kuipima kama kitabu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba imekubali tangu mwanzo kuwa mambo huharibika. Kifurushi huweza kubeba hati ndogo za amri, nyingine za kutekelezwa kabla faili hazijawekwa mahali pake, nyingine baadaye. Sera inataka kila hati iweze kurudiwa bila madhara. Umeme ukikatika katikati, mwenye kompyuta aanze tena na kazi ikamilike. Kwa hiyo hati inayofungua akaunti ya huduma fulani hapana budi iulize kwanza kama akaunti hiyo ipo. La sivyo, mara ya pili itakwama kwa sababu tu mara ya kwanza ilifanikiwa nusu. Hiyo ni busara ya mtu aliyewahi kuishi na umeme wa kukatika.

Uzuri wa pili ni katika mambo ya umiliki. Vifurushi viwili vikigombea faili moja, programu iitwayo dpkg hukataa, na hulitaja faili lenyewe pamoja na kifurushi kinachokwisha kulimiliki. Dawa iko kwa mfungashaji: atangaze kwamba kifurushi kipya kinachukua nafasi ya faili za matoleo ya zamani ya kile kingine. Kulazimisha kwa nguvu ni kuvunja kufuli na kuuacha ugomvi palepale.

Lakini je, hati ikishindwa? Sera inaamuru hitilafu zichunguzwe na kazi isiendelee baada ya hitilafu. Inataka pia hati zisipige domo bila sababu. Yote mawili ni sawa. Tatizo ni kwamba sikuona uzito kama huo ukiwekwa katika kueleza. Aghalabu dpkg humwambia mtu kuwa hati ya baada ya uingizaji imeishia na namba 1, basi. Namba hiyo haisemi kama huduma ilikuta mlango wake umeshikwa na nyingine, au kama faili la mipangilio lina mstari mbovu. Mjuzi atasoma mistari ya juu na kumbukumbu za huduma. Asiye mjuzi atadhani kosa ni lake, na ataiacha programu ambayo huenda ingemfaa.

Mbaya zaidi, wapo wafungashaji ambao, wakichoshwa na malalamiko, huiandika amri kwa namna ambayo kushindwa kwake kuhesabiwe kufaulu. Kifurushi huingia kimya, huduma haifanyi kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna hitilafu nyingine ambayo mfungashaji haioni kabisa: maktaba aliyosahau kuitaja, kwa kuwa kompyuta yake inayo tayari. Nyani haoni kundule. Ndiyo maana nazisifu zana kama sbuild na pbuilder, ambazo hutengeneza kifurushi katika mazingira yasiyo na kitu cha ziada, na piuparts, ambayo hukiingiza, hukipandisha toleo na kukiondoa ili kuona kama kitagoma. Zana hizi humlazimisha fundi kuitazama kazi yake kwa macho ya mgeni. Hata hivyo, zinaona kama kifurushi kimegoma. Hazijui kama mgeni ameelewa kwa nini.

Hukumu yangu, basi, ni hii: Sera imewafunza wafungashaji uaminifu kwa mashine kuliko nilivyoona kwingine, lakini adabu kwa mtu imeachiwa hiari ya kila mmoja. Ningeongeza sharti moja tu: hati inayosimama iseme ilikuwa ikifanya nini, kwenye faili gani, na mtu ajaribu nini. Mistari mitatu ingetosha.