Nani anayesema ‘mimi’? Nafsineni na nyota wa kubuni wa K/DA

Majuma machache yaliyopita, baada ya kipindi cha ushairi, mwanafunzi wangu mmoja alinifuata hadi mlangoni akiwa na simu mkononi. Tulikuwa tumetoka kujadili nafsineni, nami nilikuwa nimesisitiza, kama ninavyosisitiza kila mwaka, kwamba anayesema katika shairi si lazima awe mtunzi wake. “Mwalimu,” akaniambia, “sasa huyu je? Anaimba, lakini hayuko. Nafsineni ni nani na mtunzi ni nani?” Akanionyesha wasichana wanne wa kuchorwa wakicheza dansi. Nilicheka, nikamwambia aniachie swali hilo nilitafakari. Nilidhani nimemkwepa. Kumbe ni yeye aliyenipa mimi kazi ya ziada!

Wasichana wale wanaitwa K/DA. Ni kundi la muziki la kubuni lililoundwa na kampuni ya Riot Games ya Marekani kutokana na wapiganaji wa mchezo wake wa kompyuta, League of Legends. Kundi hilo lilijitokeza kwa mara ya kwanza Novemba 3, 2018, katika uwanja wa Munhak mjini Incheon, Korea Kusini, kwenye sherehe za kufungua fainali ya mashindano ya dunia ya mchezo huo. Wimbo wao wa kwanza, POP/STARS, umetazamwa mamia ya mamilioni ya mara. Msomaji anaweza kuuliza safu ya lugha inatafuta nini huko. Jibu ni kwamba walioliunda kundi hili walilazimika kutatua matatizo yale yale ambayo mwandishi wa fasihi huyatatua: jina, tabia, lugha na sauti. Kwa maoni yangu walifaulu katika yote manne, kisha miaka miwili baadaye wakateleza palipo muhimu zaidi, yaani mpaka kati ya nafsineni na mtu.

Tuanze na jina. Katika jedwali la matokeo la mchezo huo, kazi ya kila mchezaji hufupishwa kwa nambari tatu: ameua wapinzani wangapi, amekufa mara ngapi, na amewasaidia wenzake kuua mara ngapi. Herufi K, D na A ndizo herufi za kwanza za maneno hayo matatu kwa Kiingereza. Asiyeujua mchezo husikia jina la bendi tu, lenye herufi ile ile inayofungua neno K-pop. Anayeujua husikia hesabu ya vita. Wanafunzi wa fasihi wataitambua mbinu hii mara moja kuwa ni majazi, yaani jina linalobeba sifa ya anayeitwa. Isitoshe, hapa majazi yanafanya kazi ya fumbo pia, kwa kuwa yanawagawa wasikilizaji katika wenyeji na wageni bila kumfukuza mgeni yeyote.

Suala la tabia lilikuwa gumu zaidi. Wanne hawa tayari walikuwa wahusika wa vita. Ahri ni mbweha wa mikia tisa aliyechotwa katika ngano za Korea, ambako kiumbe huyo huitwa gumiho. Akali ni mpiganaji aliyeliacha kundi lake na kushika njia yake mwenyewe. Evelynn ni pepo anayewanasa watu kwa urembo. Kai’Sa alitumbukia kuzimu akiwa mtoto, akaishi huko peke yake hadi akageuka mwindaji. Je, utawapandishaje wauaji wanne jukwaani waimbe, na bado mchezaji awatambue?

Njia waliyoitumia wabunifu tunaijua sana, maana ndiyo njia ya hurafa. Katika ngano zetu, Sungura akifanywa mkulima ni mjanja, akifanywa hakimu ni mjanja, na akifanywa mgonjwa hapo ndipo ujanja wenyewe unapozidi. Kazi hubadilika, sifa hubaki. Vivyo hivyo, mvuto wa mbweha ukamfanya Ahri kuwa kiongozi na sura ya kundi. Ukaidi wa Akali ukawa ufokaji. Kishawishi cha Evelynn kikawa sauti ya malkia asiyeomba radhi. Wepesi wa mwili uliomwokoa Kai’Sa kuzimu ukawa dansi, naye akawa ndiye anayebuni mitindo ya kucheza.

Huenda mhakiki akalalamika kwamba hawa ni wahusika bapa. Ni kweli. E. M. Forster, aliyeeneza mgawanyo wa wahusika bapa na duara katika kitabu chake cha 1927, mwenyewe hakuuona ubapa kuwa kasoro kila mahali. Mhusika bapa hutambulika upesi na hukumbukwa kwa urahisi. Wimbo wa dakika tatu hauna nafasi ya mhusika duara. Aidha, tasnia ya pop ya Korea yenyewe hugawa majukumu kwa njia hiyo hiyo: huyu kiongozi, huyu mwimbaji mkuu, huyu mfokaji, huyu mchezaji dansi. Hivyo basi, umbo la kundi la K-pop na umbo la hurafa vilikuwa vimekaribiana hata kabla ya Riot Games kuvikutanisha.

Tukija kwenye lugha, hapo ndipo penye utamu. Sehemu kubwa ya POP/STARS ni Kiingereza, ila Akali anapochukua zamu yake, Kikorea na Kiingereza vinafuatana ndani ya ubeti mmoja, wakati mwingine ndani ya mshororo mmoja. Sisi tulioabiri matatu tangu utotoni hatuhitaji kufunzwa kuchanganya ndimi ni nini. Wanaisimujamii wametueleza kwamba mzungumzaji hafanyi hivyo kwa sababu ya uhaba wa maneno pekee. Mara nyingi anatangaza yeye ni nani na anamlenga nani. Akali aliyeliacha kundi lake, asiyetulia upande wowote, amepewa lugha isiyotulia upande wowote. Huo ni usawiri wa mhusika kwa njia ya msimbo, na umefanywa bila sentensi hata moja ya maelezo. Ningependa wanafunzi wanaoandika tamthilia waige hilo. Usituambie mhusika wako ni wa mjini. Mpe lugha ya mjini, basi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Wimbo ulizinduliwa Korea, kwa mtindo wa Korea, ilhali Kikorea kimepewa chumba kimoja tu ndani ya nyumba. Anayetaka kuona hapo biashara inayolenga soko la dunia hajakosea. Mimi ninachosema ni kwamba chumba hicho kimoja kimepangwa vizuri.

Sasa sauti. Katika POP/STARS, Ahri anaimbwa na Miyeon na Akali na Soyeon, wote wa kundi la Korea Kusini lililoitwa (G)I-DLE wakati huo. Evelynn anaimbwa na Madison Beer na Kai’Sa na Jaira Burns, wote wa Marekani. Siku ile mjini Incheon, wanne hao walisimama jukwaani kwa miili yao, huku waliotazama kwenye skrini wakiwaona pia wahusika wa kuchorwa wakicheza nao, kwa teknolojia inayopachika picha za kompyuta juu ya picha halisi ya uwanja. Mwimbaji alionekana na nafsineni akaonekana, bega kwa bega. Sijawahi kupata mfano bora zaidi wa kuwafunzia wanafunzi tofauti hiyo.

Mwaka wa 2020, katika wimbo THE BADDEST, Madison Beer na Jaira Burns hawakuwapo. Nafasi zao zilichukuliwa na Bea Miller na Wolftyla. Evelynn akabaki Evelynn na Kai’Sa akabaki Kai’Sa. Kinyago hakifi anapobadilika anayekivaa. Kwa hivyo jibu la nusu ya swali la mwanafunzi wangu ni hili: watunzi ni wengi, mwimbaji ni mmoja kwa kila sehemu, na anayesema ‘mimi’ ni Akali. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu kila kitu kinatuambia kwamba hapa tumo ndani ya sanaa.

Nusu ya pili ndiyo chungu. Katikati ya mwaka huo huo wa 2020, zilifunguliwa kurasa za mitandao ya kijamii za msichana aitwaye Seraphine, mwanamuziki chipukizi mwenye nywele za rangi ya waridi. Alipachika picha za chumba chake na paka wake, akaimba nyimbo za wengine, akazungumza na wafuasi. Baadaye alijiunga na K/DA katika wimbo MORE, sehemu yake ikiimbwa kwa Kichina na Lexie Liu. Mwishoni mwa Oktoba aliingia katika mchezo kama mpiganaji, pamoja na vazi la kununuliwa kwa pesa, la daraja la bei ya juu, linalomwonyesha akipanda kwa hatua tatu kutoka msanii asiyejulikana hadi nyota.

Kabla ya hapo, ukurasa wake ulikuwa umeandika kuhusu siku mbaya, hofu ya kuingia studio na kutojiamini. Wafuasi wengine walimfariji. Wengine walikasirika, wakasema kampuni inaiazima lugha ya msongo wa mawazo ili kuuza bidhaa.

Nani ana haki? Wabunifu wana utetezi wa kifasihi. Walitaka mhusika duara, mwenye udhaifu na safari. Zaidi ya hayo, riwaya za barua na za shajara zimesema ‘mimi’ kwa miaka mingi bila mtu kulalamika. Tena picha za Seraphine zilikuwa za kuchorwa waziwazi, kwa hivyo hakuna aliyeudhania mwili wake kuwa wa kweli.

Utetezi huo una uzito, ila haufiki mwisho. Shajara ya kubuni ina jalada, na jalada ni mpaka. Ukilifungua unajua umeingia wapi. Ujumbe wa Seraphine ulifika kwenye simu katika foleni ile ile ya ujumbe wa binamu yako na wa rafiki uliyesoma naye. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake kuhusu vitendo-usemi ilichapishwa 1962, alifunza kwamba kusema ni kutenda. Anayesema “nimelemewa” hatoi habari tu. Anamwekea msikilizaji wajibu wa kuitikia. Austin huyo huyo aliyaweka kando maneno ya mwigizaji jukwaani, kwa sababu humo wajibu wa kawaida haufanyi kazi. Mwigizaji akilia, hatupandi jukwaani kumpa leso.

Kosa la Seraphine basi si kwamba ni wa kubuni. Akali naye ni wa kubuni. Kosa ni kwamba aliteremshwa jukwaani akiwa bado kinyago, akaketi kati yetu, na akaomba leso. Aliyemwandikia pole alitenda kitendo-usemi halisi, chenye huruma halisi. Upande wa pili aliyeipokea alikuwa nani? Ofisi yenye tarehe ya kuzindua bidhaa. Huruma ya watu haina mwisho mzuri ikizoezwa kwenda mahali pasipo na mtu. Siku rafiki wa kweli atakapoandika maneno hayo hayo, msomaji atasita kidogo, ajiulize kama naye anauza kitu. Kusita huko ndiko hasara ninayoiogopa.

Kuna pia hasara ya kisanaa. Ahri na wenzake hawakutueleza hata siku moja kwamba wanahisi. Tuliwaona wakitenda, tukajaza wenyewe. Seraphine alielezwa mno. Kila hisia ilitajwa kwa jina kabla hatujaitafuta, na mhusika aliyetakiwa kuwa duara kuliko wote akatoka mwepesi kuliko wote. Udhaifu wa mhusika unaozinduliwa kwa ratiba ya mauzo hauwezi kumwimarisha, kwa maana msomaji anaona mwisho wake ukija: kuna kitu cha kununua.

Wapo miongoni mwa wanafunzi wetu wanaochora na kuunda michezo ya kompyuta. Kwao nasema: mpeni nyota wenu jina lenye siri, sifa moja isiyoyumba, na lugha inayomfichua kabla hajajieleza. Mkitaka kumpa machozi, mpeni ndani ya wimbo au hadithi, penye jalada. Na akizungumza nje ya hapo, msomaji aweze kuona mkono unaomshika.

Mwanafunzi wangu alirudi kulitafuta jibu lake, nikamsimulia haya yote. Alinyamaza kidogo kisha akauliza: “Kwa hivyo mwalimu, nikisoma ‘mimi’ mtandaoni, nianze kwa kuuliza nafsineni ni nani?”

Nikamwambia ndiyo, kama tufanyavyo na shairi. Tofauti ni kwamba kwenye shairi ukikosea unapoteza alama mbili tu.