Kiitikio Kimoja, Beti za Namna Mbili

Tarehe 17 Septemba 1991 kundi la roki la Guns N' Roses lilitoa albamu mbili kwa mpigo, Use Your Illusion I na II. Wimbo mmoja tu umo katika zote mbili: "Don't Cry", yaani "Usilie", uliotungwa na mwimbaji Axl Rose na mwenzake Izzy Stradlin. Kwenye albamu ya kwanza ni wa nne. Kwenye ya pili ni wa kumi na tatu, na beti zake ni nyingine. Wapo wanaouona huu wa pili kama kijazio. Mimi nauthamini sana, kwa sababu ni nadra kusikia ala zile zile zikibebeshwa hisia mbili tofauti.

Sikiliza ala kwanza. Nyuzi zimelegezwa nusu toni, kawaida ya kundi hili, na hapo gitaa linapata uzito kidogo na ukungu. Linadonoa noti mojamoja likizunguka A maina, D maina, G na C. Mzunguko huo hautulii: unaanza kwa huzuni, unafika penye nuru, kisha unarudi ulikotoka. Ngoma za Matt Sorum hazina haraka. Solo ya mpiga gitaa Slash haikimbizani na mtu. Ni noti ndefu zinazovutwa, ungeweza kuziimba kwa mdomo.

Sasa njoo kwenye sauti. Katika toleo la kwanza Axl anaanzia chini kabisa, karibu anasema tu, kwa maneno machache yenye nafasi kati yake. Ni mpenzi anayembembeleza anayeachwa. Kiitikio kinapopanda, ule mwanzo wa chini wa ubeti ndio unaokipa kimo. Humo pia yumo Shannon Hoon, aliyetoka Lafayette, Indiana, mji mmoja na Axl, ambaye baadaye alijulikana na kundi la Blind Melon. Sauti yake nyembamba inaitikia na kulainisha ukali wa Axl.

Toleo la pili linabadilisha maneno ya beti na tuni yake pia. Maneno yamesongamana, na anayesema humo ana dukuduku: anauliza, anakumbusha aliyoyavumilia. Kisha kinakuja kiitikio kile kile, hakijabadilishwa hata neno. Hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo. Baada ya beti za toleo la kwanza, kumwambia mtu asilie ni faraja. Baada ya lawama za toleo la pili, maneno hayo hayo yanasikika kama mlango unaofungwa. Hata solo ya Slash, ambayo kwanza ilionekana kuomboleza, sasa inaonekana kujibu mashtaka.

Kwa ufundi, toleo la kwanza ndilo bora. La pili linatumia pumzi nyingi mapema, hivyo kiitikio kinakosa mahali pa kuruka kutoka.

Singo ya wimbo huu ilibeba pia toleo la tatu, demo ya studio ya Mystic iliyorekodiwa kabla ya albamu yao ya kwanza, Appetite for Destruction ya 1987, wakati Steven Adler bado ndiye mpiga ngoma. Beti humo ni zile za kubembeleza. Kwa hiyo upole ulitangulia, na lawama zikaja miaka baadaye, kundi likiwa limeshapata umaarufu na kumwondoa Adler. Anayetaka kuusikia wimbo huu ukikua aanze na demo hiyo, afuate toleo la kwanza, kisha lile la albamu ya pili, na kila mara akae makini pale ubeti wa pili unapoingia kwenye kiitikio.