Ekseli ya Mbele, Jamani! Njoo Uione Hotrodi kwa Chini

Mwenzangu, kaa nikusimulie, maana mikono bado inanuka grisi na mwenyewe sijatulia! Nimetoka gereji moja hapa kusini mwa California. Nimelala chini ya hotrodi, yaani gari la zamani lililoundwa upya kwa ajili ya mbio na madaha, nimeishikashika, nimepanda, nimeshuka, nikaomba nipandishwe tena bila aibu. Na wazimu wote huu, aisee, si wa injini. Ni wa ekseli ya mbele!

Najua, ukisikia hotrodi unawaza V8 inayonguruma na rangi inayowaka. Haya, simama basi mbele ya Ford ya 1932 iliyovuliwa madigadi uone jicho litakwenda wapi. Linakwenda miguuni! Magurudumu yako wazi, uchi kabisa, na katikati yake imelala ekseli nyeusi, nzito, inayong'aa, tumbo limeshuka karibu na lami na ncha zote mbili zimepanda juu kwa madaha. Nikapitisha kidole kwenye mkunjo wake. Laini! Baridi! Hakuna mshono, hakuna kovu la kuchomelea, ni pande moja la chuma lililokunjwa likakubali. Na bado! Limetobolewa matundu mfululizo, makubwa katikati, yakipungua kadiri unavyokaribia ncha, na kila tundu limesuguliwa kingo hadi kidole kinateleza chenyewe. Wanasema ni kwa ajili ya kupunguza uzito. Thubutu! Ni urembo mtupu, na nimeukubali.

Ujanja wenyewe ni mwepesi mpaka unacheka. Ncha za ekseli zikipandishwa, vitovu vya magurudumu vinakaa juu zaidi, basi gari zima linashuka mbele bila kugusa springi. Inchi nne tu hivi, na Ford ya babu mpole inageuka simba anayenyemelea. Vijana waliokuwa wakikimbiza magari kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage waliutaka sana ushukaji huo, na kule San Diego alikuwapo fundi Ed Stewart aliyezishusha ekseli za Ford hadi watu wakambatiza jina la "Axle". Hebu fikiria, mtu anaitwa Ekseli! Heshima gani tena unataka?

Sasa nikakaribishwa kupanda, na hapo moyo ukaanza kwenda mbio. Ekseli nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu? Kama umewahi kukaa nyuma ya Land Rover 109 kwenye njia ya makorongo, unajua mgongo wako ulisema nini. Nikashika mlango, nikakaza meno, nikangoja kipigo. Tukapita kwenye kiungo cha daraja: tap-tap. Tukapita kwenye lami iliyopasuka: tap. Basi! Gari linanyanyuka kidogo, linashuka kidogo, linaendelea na hamsini zake. Nikamtazama mwenye gari, akacheka tu, kazoea kuona nyuso kama yangu.

Tuliporudi nikalala tena chini kutafuta siri. Springi ni moja tu, mwenzangu, moja! Imekatiza upana wa gari, kushoto kwenda kulia, vile Ford walivyoyafungia magari yao hadi ya 1948. Vyuma vyake vimepunguzwa kwa kuwa gari ni jepesi, na kwenye ncha za kila chuma wamepachika vidonge vya plastiki ngumu ili vyuma visisagane kwa kelele. Nikaikandamiza pua ya gari kwa mikono miwili. Ikashuka taratibu, ikarudi taratibu, kimya kabisa. Lo! Sijui ni kwa nini niliipigia makofi, lakini niliipigia.

Na bado! Sikiliza hii, maana ndipo nilipopiga kelele hadi paka wa gereji akakimbia. Ekseli haikai peke yake, inashikwa na fito zinazokwenda nyuma kwenye chesesi. Za Ford zilikutana katikati, chini ya gari, kwenye kiungo kimoja cha tufe. Wazee wa hotrodi wakazikata, kila moja ikafungwa upande wake, nafasi ya injini na giaboksi ikapatikana. Lakini sasa gurudumu moja likipanda jiwe na lingine likabaki chini, fito zinavutana, na ekseli inalazimika kujisokota. Kujisokota! Ile nzito nyeusi niliyokuwa naipapasa, yenye umbo la herufi I, inajisokota kweli kila barabara inapoharibika, halafu inarudi. Ekseli ya bomba la mviringo haitaki mchezo huo, imekaza. Kwa hiyo ukichagua bomba, chagua na fito nne, mbili kila upande, zinazokwenda sambamba, ili kila gurudumu lipande bila kuisokota. Ukichagua ya I, funga zile fito ndefu nzuri zinazochanua kutoka ekselini na kukutana nyuma, na ulale usingizi. Yaani urembo na akili vimefungwa kwa bolti moja! Utaacha kupenda hapo?

Sasa usidhani nimewafumbia macho wale wa upande wa pili, wasiotaka ekseli nzima. Pembeni ilikuwapo Ford ya 1940, nene, tamu, madigadi yake yamejaa kama mashavu, na chini yake miguu ya mbele iliyonakiliwa kutoka Mustang II, ile ya 1974 hadi 1978. Mikono juu na chini, springi za koili, stelingi ya reki, kila gurudumu linajitegemea. Nikaiendesha kidogo uani. Weee! Usukani mwepesi, laini, unakata kona kwa vidole viwili, na kwenye tuta la mlangoni upande mmoja ukapanda, mwingine hata habari haukupata. Kwa safari ndefu na familia ndani, mimi ningeifunga hiyo bila kubishana na mtu. Na pale chini ya madigadi nani ataiona?

Ila kwenye gari lililovuliwa nguo, hapana. Nilionyeshwa picha ya Ford wazi kabisa iliyofungwa mikono ile, na mbele pote pamejaa vyuma, mabomba, mabano na springi zinazogombania nafasi. Nikasononeka. Gari la namna ile linataka mstari mmoja safi kutoka gurudumu hadi gurudumu, na hewa tupu juu yake. Ndiyo hukumu yangu, na sirudi nyuma: magurudumu yakifichwa, fuata raha, yakiwa wazi, fuata ekseli!

Kitu kimoja tu usimruhusu fundi akiruke: kingpini, zile pini za ncha za ekseli ambapo magurudumu hugeukia, zilale nyuma kiasi kinachotakiwa, na zisiwe zimechoka. Zikisimama wima mno, gari linatangatanga barabarani, na zikilegea, magurudumu yanaanza kutetemeka ghafla mwendo ukikolea, na usukani unakutikisa hadi mabega. Na kama stelingi yako inasukuma kutoka upande mmoja kwenda mwingine, dai fito ya kuizuia ekseli isiteleze kushoto na kulia, la sivyo kila shimo litakugeuzia gari. Hili nililotembelea lilikuwa navyo vyote, ndiyo maana tulikwenda kasi huku nimeachia mlango na kupunga mikono hewani.

Basi ukibahatika kuwa California mwanzoni mwa mwaka, nenda Pomona kwenye Grand National Roadster Show, maonyesho yaliyoanza Oakland mwaka 1950. Watu watajazana kwenye mainjini. Waache! Wewe inama, piga goti, chungulia. Na hapo hata breki sijakugusia, mwenzangu, yale madramu ya Buick yenye mapezi mapezi, yametoka nje ya rimu yanameremeta, ukiyagonga kwa kucha yanalia ting, na bado!