Orurembo si Kasri

Katika daftari moja la wanafunzi wetu wa Rubondo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tulikuta sentensi ya kijana aliyekwenda "kasrini Mbarara" kununua viatu. Tulicheka, kisha tukajilaumu, maana sisi ndio tuliomfundisha kwamba orurembo ni kasri.

Tafsiri hiyo yapendeza masikioni, lakini inapotosha. Kasri ni neno la Kiarabu, nalo huja na mawe yake, chokaa yake na ghorofa zake. Alisomaye huikumbuka Unguja ya masultani. Orurembo ya Omugabe wa Ankole ilikuwa uwanja uliozungushiwa ua, wenye nyumba za mfalme na watu wake pamoja na ng'ombe, nayo ilihamishwa. Hata Lubiri ya Kabaka huko Mengo, yenye ukuta wa matofali leo, zamani ilizungukwa na ua wa matete, na machifu waligawiwa sehemu za kuutunza. Ua ule ulikuwa ndio utii wenyewe, wala neno kasri halitaji mikono iliyousuka.

Pwani nako majina yamepotoka. Jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa Kilwa katika karne ya 14, huitwa Husuni Kubwa, na husuni maana yake ni ngome!

Wapo wanaopendekeza ikulu. Kwa asili lafaa, kwani ni neno la watemi wa Unyamwezi. Ila msomaji wa leo humwona Rais, na mtoto atauliza Omugabe alichaguliwa mwaka gani. Sisi twashika boma. Neno hili lina ua na amri pamoja: ni zizi, ni ngome, na zama za wakoloni likawa ofisi ya serikali. Mtoto wa Kirundi au wa Kinyarwanda husema ibwami, yaani kwa mfalme, bila kutaja ukuta wowote. Mwambie boma la mfalme, ataelewa mara moja.

Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967, nao, tofauti na Buganda, haukurudishwa mwaka 1993. Neno lake halikufutwa. Katika Kinyankole cha leo orurembo ni mji mkubwa, na Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, huitwa hivyo. Kijana wetu, basi, alikuwa amelisikia neno hai, nasi tukampa la mawe. Sentensi ya viatu tumeisahihisha kuwa "mjini". Ile ya Omugabe, "bomani".