Ustadi wa Burhani

Katika kazi za akili alizojaaliwa mwanadamu, sioni iliyo adilifu kuliko ya kutafuta burhani katika hesabu, maana mwenye kazi hiyo hatosheki na dalili, zijapokuwa nyingi na nzuri, mpaka afikie yakini.

Tuitazame pai, uwiano baina ya mzingo wa duara na kipenyo chake, ambayo al-Kashi wa Samarkand aliikokotoa mwaka 1424 hata tarakimu 16 baada ya nukta, na ambayo mitambo ya zama zetu imeifikisha kwenye matrilioni. Tangu Lambert alipothibitisha, katika karne ya 18, kwamba tarakimu zake hazikomi wala haziangukii mzunguko wa kujirudia daima, wengi wamenena kwa furaha kwamba kisichokoma na kisichojirudia hakina budi kuwa na kila kitu: tarehe ya kuzaliwa kila mja, na, herufi zikigeuzwa tarakimu, kila kitabu kilichopata kutungwa.

Mwenye burhani hawajibu kwa maneno mengi, bali huandika 0.101001000100001, akiongeza sifuri moja zaidi kila baada ya 1, bila kikomo. Namba hiyo haiishi wala haijirudii, kwa kuwa kila safu ya sifuri ni ndefu kuliko iliyotangulia. Walakini ndani yake hutaiona 2 abadani. Mstari mmoja umeibatilisha dhana ya halaiki ya watu, wala haukumdhalilisha yeyote. Uzuri wa namna hii hunishangaza kila niurudiapo.

Champernowne naye, angali mwanafunzi wa Cambridge, alionyesha mwaka 1933 upande wa pili: aliziandika namba zote kwa zamu, 0.123456789101112, na kuendelea, hata kila fungu la tarakimu utakalo limo, pamoja na linaloanza kwa sifuri, kwani 007 imo ndani ya 1007. Tena akathibitisha kwamba kila fungu hutokea kwa kadiri ilipasavyo. Borel alikwisha kuthibitisha mwaka 1909 kwamba takriban namba zote zina sifa hiyo, ila burhani yake yahusu umma wa namba, haiitaji pai kwa jina.

Basi pai? Katika matrilioni yaliyokokotolewa, tarakimu kumi zagawana nafasi karibu sawasawa, nami moyoni nasadiki kwamba kila fungu limo. Lakini hiyo ni dalili, na hapo ustadi huu husimama. Hata kwamba 7 itaendelea kutokea milele halijathibitishwa. Lililothibiti ni kwamba tarakimu zisizopungua mbili hutokea bila ukomo, maana ingalikuwa moja peke yake, ingalifika mahali ikabaki hiyo hiyo ikijirudia, na Lambert amekwisha kulikanusha hilo. Ni zipi hizo mbili, hakuna bado aliyethibitisha.