Mhusika Mkuu wa Butiama na Wahusika Wadogo

Tumezoea kuhakiki vitabu. Leo naomba msomaji aniruhusu nihakiki jengo. Kutoka kwetu Buhemba hadi Butiama si mbali, lakini nilifika mwaka wa pili chuoni kabla sijatia mguu katika Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, miezi michache tu kabla Mwalimu hajafariki tarehe 14 Oktoba.

Nikiyasoma kama kazi ya fasihi, haya ni wasifu. Mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki anazaliwa mwaka 1922 chini ya Mwingereza, anasoma, anaongoza TANU, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi inakuwa huru. Picha na zawadi alizopewa ndizo zinazosimulia. Msuko ni wa moja kwa moja, na mhusika mkuu hatoki jukwaani.

Mzee mmoja tuliyeingia pamoja alininong'oneza, "Mwanangu, na sisi humu tumo?"

"Tumo, mzee," nikamjibu. Kumbe nilijibu kwa adabu tu. Buhemba kulichimbwa dhahabu enzi za mkoloni, na babu yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe. Karai lake halimo katika wasifu wa mtu mwingine, na pengine si haki kulitafuta humo.

Hata hivyo swali lile halikuniacha. Jibu nililipata kwa Mwalimu mwenyewe, katika kazi yake ya tafsiri. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 akaitoa upya, sasa Juliasi Kaizari. Wengi husifia jina hilo lililovuliwa koti la kigeni. Mimi nasifia uteuzi. Tamthilia ile haifunguliwi na Kaizari. Inafunguliwa mtaani na akina yakhe: seremala na fundi viatu, ambaye anawajibu wakubwa kwa mafumbo. Na kinachogombewa ndani yake ni iwapo mtu mmoja awe mkubwa kuliko mji wake.

Basi mfasiri wa kazi hiyo hasomeki vema akisomwa kama shujaa wa peke yake. Mwaka 1955 alipokwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, nauli ilichangwa. Hao waliochanga ndio seremala na fundi viatu wetu.

Wanaosema kwamba wasifu wa namna hii hulea ibada ya mtu wana hoja, ila wanasahau kwamba nusu ya kazi ni ya msomaji. Sisi tunaingia mikono mitupu, tunatazama, tunapiga picha, tunaondoka.

Nikikutana tena na yule mzee, sitakuwa na haraka ya kumjibu. Nitamwuliza, "Je, kwenu walichanga nini, mzee?" Kisha nitatoa kalamu.